Usifute Kwanza

"Usifute kwanza!"

Kelele hiyo ilikuwa ikitoka barazani kwa mzee hata kabla hujainama. Mtoto kamwaga uji, umeshika tambara, magoti yako yanakaribia sakafu, mara unasikia ndala zinaburuzwa uani. Anakuja. Mikono nyuma, shati jeupe limepigwa pasi, miwani kwenye ncha ya pua. Anasimama juu ya uji wako utadhani ni shamba lake. Na wewe mtu mzima, mtumishi wa serikali, mama wa watoto, unasubiri na tambara mkononi mpaka mzee wa watu amalize kukagua uji.

Nilimchukia kwa neno hilo, nasema wazi. Nilimchukia, kisha nikamzoea, kisha nikampenda, halafu nikamkasirikia kuliko mwanzo, kwa sababu neno hilo na ukaidi uliokuwa nyuma yake ndivyo vilivyokuja kumnyang'anya mjukuu wake. Hasira hiyo bado ninayo. Naandika nikiwa nayo.

Alikuwa mwenye nyumba wetu hapa Bariadi, na mtaa mzima ulimwita Karani. Wenyeji, ambao herufi r huwapita pembeni, walisema Kalani, na watoto wangu wakafuata hivyo hivyo. Miaka mingi alikuwa karani wa pamba huko Kasoli, kwenye kituo cha kununulia. Kwa asiyejua mambo hayo, pamba ikifika kituoni haiwekwi tu kwenye mzani ikalipwa. Inaangaliwa kwanza. Ikiwa nyeupe, kavu, haina majani wala madoa, ni safi. Ikiwa imegeuka njano, imeliwa na wadudu, imeingia udongo, ni fifi. Magredi ni hayo mawili, na mtu akiambiwa fifi baada ya kulima, kupalilia na kuchuma, hurudi nyumbani hataki hata kusalimiwa. Basi kazi yake ilikuwa kutumbukiza mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, kuchomoa konzi ya pamba kutoka chini kabisa, kuichambua kwa vidole, na kutamka neno moja.

Alistaafu kazi, neno hakulistaafu. Alijenga nyumba mjini yenye vyumba vya kupangisha uani, na alipokosa pamba ya kukagua akaanza kukagua uchafu wa watoto.

Sitanii. Lakini kabla sijaendelea kumsema, nimpe haki yake. Nilipohamishiwa huku kutoka Morogoro nilikuwa na mapacha wadogo, ndio kwanza wanajifunza kukimbia, na baba yao kazi yake iko Dodoma. Nilizunguka Bariadi kutafuta nyumba mpaka visigino vikapasuka. "Dada, una watoto?" Ninao. "Wakubwa?" Wadogo. "Aa, pole, hicho chumba kimeshachukuliwa." Ukipita pale wiki inayofuata, chumba bado kitupu, na kufuli lile lile. Hivi watu hawa wao walizaliwa wakubwa? Walitoka tumboni wamevaa viatu? Mama mmoja alinikubalia kwa sharti kwamba watoto wasiguse ukuta. Wasiguse ukuta! Sijui alitaka niwaning'inize kwenye kenchi.

Karani hakuniuliza kama nina watoto. Aliwatazama, akauliza nani alitangulia kutoka. Nikamwonyesha.

"Basi huyu Kulwa, na yule Doto."

Nikamwambia wana majina yao, nimewabatiza kanisani, na vyeti vipo.

"Vitunze, mayu," akasema, yaani mama, na akanikabidhi ufunguo.

Kwa Wasukuma pacha ni Kulwa na Doto, na hakuna mjadala. Tangu siku hiyo hakuna mtu Bariadi anayejua majina ya ubatizo ya wanangu. Mimi mwenyewe nikiwaita kwa majina yale hawageuki.

Sasa mafuta. Hatujamaliza hata kufungua mizigo, Doto akapindua dumu la mafuta ya kula. Nilikuwa nimelifungua asubuhi ile ile. Yalitambaa mpaka chini ya kitanda, na yeye amekaa katikati anajipaka kichwani anacheka. Nikainua mkono.

"Usifute kwanza! Na mkono huo ushushe."

Akaingia, akachovya kidole, akanusa. "Mafuta yenyewe mazuri."

"Najua ni mazuri, Mzee. Nimenunua mimi."

"Dumu lilikuwa wapi?"

"Chini hapo, karibu na mlango."

"Na kifuniko?"

Nikageuka kukitafuta. Kifuniko kilikuwa dirishani.

"Fifi," akasema.

Nikamgeukia Doto kwa furaha kabisa: umesikia, wewe? Karani akatikisa kichwa. "Siyo yeye. Yeye ameona kitu kinang'aa, akakivuta. Hiyo ni safi. Fifi ni yako, mayu. Leo utafagia uwanja wote."

Jamani! Mafuta yangu yamemwagika, mtoto wangu anang'aa kama andazi, halafu mwenye kosa ni mimi! Nilifagia ule uwanja huku nasonya mpaka midomo ikauma. Nilifagia kwa sababu nilikumbuka yale makufuli niliyoyaacha nyuma, basi.

Baadaye nikaijua sheria yake, kwa kuonja. Mtoto akimwaga, akipindua, akichora, akichimba, huo ni uchafu safi: anausafisha pamoja na mkubwa, hakuna fimbo, hakuna makelele. Fifi ni pale mtu mzima alipozembea, au penye uongo. Na kibaya kuliko vyote kilikuwa kuficha. Ukisukuma unga uliomwagika chini ya kapeti, hakusalimii. "Hiyo ni pamba ya maji," alikuwa akisema. Maana wako wakulima ambao huinyunyizia pamba yao maji, au huchanganya na mchanga, ili gunia lipande uzito. Hao alikuwa hawapi hata fifi. Aliwarudisha na mikokoteni yao mbele ya watu, na wanasema aliwahi kumrudisha mpaka shemeji yake.

Msije mkamdhania babu mpole wa pipi mfukoni. Alikuwa na mdomo mchafu kuliko sakafu yoyote aliyoikagua. Mpangaji mwenzangu, nesi mmoja mstaarabu kutoka Bukoba, Karani alimliza kwa sababu ya pampasi alizozirundika nyuma ya choo. Soketi yangu iliungua, nikamwambia, na soketi ikabaki imeungua mpaka nilipoita fundi mwenyewe. Mtu akimchapa mtoto asubuhi, Karani alimpita siku hiyo kama nguzo ya umeme. Unamsalimia "Mwangaluka baba," yeye anatazama mawingu. Na maji! Wakati wa kiangazi ukiacha bomba linadondoka utahubiriwa mpaka uombe kuhama. Lakini mtu huyo huyo, kiangazi hicho hicho, alikuwa anamjazia mjukuu wake beseni zima amwagemwage tu uani, atengeneze tope. Nikamuuliza, Mzee, maji si shida? "Shida kwako," akanijibu, "mwenzio yuko kazini."

Mwenzangu mwenyewe alikuwa Kabula, binti wa binti yake, umri wake kama wa mapacha wangu. Mama yake ameolewa Geita na mwanaume aliyesema hataki mtoto wa kuja naye. Akasema hivyo mbele ya watu, na hakuna aliyemuitia kikao. Anakula, analala, anaitwa baba mwenye mji. Mtoto akabaki kwa Karani kabla hajajua kutembea, na mke wa Karani alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Kwa hiyo mzee alimlea peke yake: kumpikia, kumwogesha, kumbeba mgongoni kwa kanga ya marehemu, akienda hivyo hivyo mpaka sokoni.

Kabula maana yake aliyezaliwa mvua ikinyesha, na mtoto yule aliamini kazi ya mvua ameachiwa yeye. Chochote kinachomwagika alikimwaga. Alipanda choroko ndani ya kiatu cha babu yake na zikaota. Aliwaogesha kuku kwa sabuni ya unga. Siku moja alirusha unga wa muhogo sebuleni akishangilia kwamba mawingu yameshuka, na nilipochungulia nikamkuta Karani amekaa kwenye kiti chake, mweupe mpaka kope, anasubiri mawingu yatulie. Kisha akashuka chini, magoti yakilia, na wote wawili wakaanza kukusanya. Kabula alikuwa na tambara lake mwenyewe, limekatwa kwenye shati kuukuu la mzee. Hakuna aliyemwambia "ona ulivyofanya." Waliongea habari za ng'ombe.

Kusafisha, hapo sina la kumsema, alijua. Mafuta aliyafunika kwa majivu, akayaacha yanywe, ndipo afagie. Mkaa ukutani alisugua kwa tonge la ugali uliolala. Godoro lililokojolewa alilitoa juani bila kulitangaza mtaa mzima, tofauti na sisi ambao tulikuwa tunamtangaza na mkojoaji. Nami nikaanza kumwiga. Siyo kwamba nilikubali sheria zake. Nilichoka tu kufagia uwanja.

Na Kabula naye alikuwa karani. Mzee alivuta ugoro, na ugoro humwagika: kwenye mkono wa kiti, kwenye mfuko wa lile shati jeupe. Mtoto akiona, anasimama mbele yake, mikono nyuma, tumbo mbele. "Fifi, guku!" anamwambia babu yake. Mzee anajitazama, anashika ufagio, anakwenda kufagia uwanja. Sijaona mtu mwingine Simiyu nzima anayejihukumu namna ile, na wako wanaostahili.

Basi, watu hawakuweza kuliacha hilo hivi hivi.

Asubuhi moja Karani alikuwa bombani anafua chupi ya Kabula. Mtoto tumbo lilimwendesha, kaharibu nguo, na nguo hazijifui. Alikuwa amekunja mikono ya shati, anafikicha kama mtu yeyote anavyofikicha. Mpita njia mmoja akanyoosha simu juu ya ua, akamrekodi, akarusha kwenye grupu la mtaa: "Mzee kageuka yaya." Vicheko vikafuata. Kutoka hapo video ikaruka kwenye grupu la vijana, la kwaya, la ukoo. Wanaume wazima, ambao sijawahi kuwaona hata wamembeba mtoto wao kwenda zahanati, walicheka siku nzima.

Hivi kinachochekesha ni nini? Mwanaume akishinda kilabuni, watoto wake wakalala na tope miguuni, huyo ni mwanaume. Akifua kinyesi cha mjukuu wake ni kichekesho! Nililiandikia lile grupu maneno ambayo sitayarudia hapa, nikatolewa. Karani nilipomwonyesha ile video aliitazama mpaka mwisho, akasema mpiga picha ametetemesha mkono, akarudi barazani.

Lakini video ilifika Malampaka, kwa dada yake mkubwa. Ndiye mkubwa wa ukoo wao kati ya waliobaki, mama mwenye nyumba nzuri na neno linalosikilizwa. Akapiga simu. Alisema mdogo wake anachekwa, na mtoto wa kike hawezi kulelewa na mwanaume mzee kwenye uchafu. Angekuja Jumapili na wazee wawili waone wenyewe jinsi mtoto anavyoishi. Wakiridhika, sawa. Wasiporidhika, angeondoka na Kabula siku hiyo hiyo.

Jumamosi mimi na nesi tulimtuma Karani sokoni kwa makusudi, tukaingia kazini. Tulisugua kuta mpaka michoro yote ya mkaa ikatoka. Tulitoa ndoo ya udongo, mawe, mifupa ya kuku ambayo Kabula aliita watoto wake, viatu vyenye choroko. Nikaleta kitambaa changu cha meza, kile cha wageni. Tukamwogesha Kabula, tukamsuka, tukamkalisha. Nyumba ikapendeza, ungedhani anaishi askofu.

Karani akarudi, akasimama mlangoni na kikapu chake. Hakuingia.

"Pamba mmeitia maji," akasema.

"Mzee, kesho wanakuja kukunyang'anya mtoto!"

"Wanakuja kuona anavyoishi. Wakiona hivi watakuwa wameona nyumba ya nani?"

"Ya nani kitu gani! Ni siku moja tu. Wakishapanda gari, arudi kwenye tope lake."

"Miaka yote nimewarudisha watu kwa jambo hili hili."

"Mzee, wewe unataka haki, au unamtaka Kabula?"

"Vyote."

"Havipatikani vyote!"

Alikikunja kitambaa changu vizuri, pembe kwa pembe, akanirudishia mkononi. Nesi akatoka analia. Mimi sikulia. Nilibamiza mlango wangu mpaka Kulwa na Doto wakaamka.

Jumapili asubuhi akamjazia Kabula beseni lake, kama Jumapili zote.

Walipofika wageni, yule dada amevaa kitenge kipya na wazee wako nyuma yake, walimkuta mtoto yuko katikati ya sebule, tope mpaka kiunoni, anapika ugali wa udongo kwenye sufuria ya kweli. Alifurahi sana kuona wageni. Alimpa kila mmoja tonge. Mzee mmoja alilipokea kabla hajajua ni nini, akabaki nalo mkononi, hajui aliweke wapi.

Dada akatazama kuta. Kabula alikuwa ameamka mapema, na mkaa haukuwa mbali.

"Kila siku ni hivi?" akauliza.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilimkodolea Karani macho, nikamwomba kimoyomoyo: sema leo tu. Maneno mawili, Mzee. Leo tu.

"Hapana," akasema Karani, nami nikashusha pumzi. "Siku nyingine huzidi."

"Na nguo zake akijichafua unafua wewe?"

"Nani mwingine yupo?"

"Ameshawahi kuumia?"

Hapo hata asiye na akili angenyamaza. Yeye akamwita Kabula, akaukunjua mkono wake mdogo, akawaonyesha kovu ambalo mimi jirani yake nilikuwa sijaliona. "Aliungua. Jiko nililiacha chini mimi. Ilikuwa fifi yangu."

Wazee wakatazamana. Lile neno fifi walilielewa vizuri, wao ni wakulima. Dada yake akatikisa kichwa kwa huzuni, na nakiri haikuwa huzuni ya kujifanya. Akasema, mdogo wangu, umesema mwenyewe.

Walimwogesha wakamvalisha. Kabula alidhani anakwenda kutembea, akatupungia mikono yote miwili. Karani alimwekea lile tambara lake kwenye mfuko wa nguo. Dada yake akalitoa, akaliweka juu ya bomba, akasema kule matambara yapo.

Baada ya hapo nyumba ile ikawa safi, na sikuwahi kuona kitu kibaya kama usafi ule. Hakuna beseni, hakuna tope, hakuna kuku anayekimbia na povu. Karani alikaa barazani. Wanangu walimwaga uji, wakamwaga chai, Kulwa akapasua chupa ya rangi ya viatu, na mimi nikashika tambara nikasubiri zile ndala. Hazikuja. Nilifuta mwenyewe.

Nilimfuata kumgombeza. Ndiyo, nilimgombeza mzee mwenye msiba. Nikamwambia ukweli wake haujamsaidia mtu, haujamsaidia hata Kabula, na Mungu angemsamehe maneno mawili. Alisikiliza yote.

"Ningesema leo tu," akanijibu, "kesho ningemkagua nani?"

"Ungemkagua Kabula, Mzee! Angekuwepo!"

Aliinuka, akaingia ndani. Nilitaka anijibu. Ningependa hata anifukuze.

Mwaka huu wakati wa mavuno, gari la ofisi lilikuwa linakwenda Malampaka kikazi, nami nimo. Karani alikuja getini asubuhi, shati jeupe, kikapu cha michembe, vile viazi vikavu, mkononi, akauliza kama kuna nafasi. Dereva akaanza kulalamika habari za taratibu. Nikamtazama, akafungua mlango. Njia nzima Karani alishikilia kikapu chake magotini. Mara moja tu aliuliza kama watoto husahau haraka. Nikasema hawasahau, sijui kama nilisema kweli.

Kazi ilipokwisha tukaenda kwa dada yake. Nyumba ya vigae vyeupe, unavua viatu nje. Makochi bado yana nailoni zake. Alitupokea vizuri, sina la kumsingizia: alituwekea chai ya maziwa na maandazi, akamuuliza mdogo wake habari za miguu. Kisha akamwita mtoto.

Kabula akaja. Alikuwa amenenepa, amesukwa, ana viatu vyenye vifungo. Akapiga magoti. "Shikamoo guku." Akaamkia na mimi. Akakaa ukingoni mwa mkeka, akapewa kikombe chake, akakinywa kwa mikono miwili juu ya sahani, polepole, mpaka kikaisha. Akakipangusa mdomo kwa kidole. Kikombe, siyo mdomo wake.

"Unaona, mdogo wangu?" dada yake akasema, kwa furaha kabisa. "Hamwagi kitu. Hata tone."

Karani alikuwa amekaa mbali, karibu na dirisha. "Anacheza nini?"

"Anakaa vizuri."

"Anachora?"

"Achore wapi?"

Mimi maneno yalikuwa yamenijaa mpaka kooni. Nikageuka nimweleze yule mama kwa nini mtoto wa umri ule anayekaa vizuri kutwa nzima anatisha, na nilivyogeuka kiwiko kikagonga kikombe changu. Chai yote ikamwagika kwenye vigae, ikakimbilia chini ya meza.

Kabla sijafungua kinywa, Kabula alikuwa amesimama amebana ukutani, mikono ameificha nyuma.

"Siyo mimi, bibi. Siyo mimi. Siyo mimi."

Hakuna aliyekuwa amemtazama. Alikuwa upande mwingine kabisa wa chumba.

"Ni mimi," akasema Karani.

Tukageuka wote. Yeye aliyekuwa dirishani, mbali na meza, kikombe chake kimejaa mkononi. Alikiweka chini, akavuka sebule, akapiga magoti kwenye chai na lile shati lake. Akatoa leso.

"Guku ndiye amemwaga, ng'wanone. Mkono wangu umekuwa mbaya," akamwambia mtoto.

Dada yake alitazama kikombe changu kilicholala ubavuni pangu. Akatazama kule dirishani. Akamtazama mdogo wake, ambaye yeye dada alimbeba mgongoni kabla hajajua kusema, na ambaye tangu ajue kusema hakuwahi kumwambia kitu ambacho si kweli.

"Wewe," akasema kwa sauti ndogo, "tangu lini unadanganya?"

"Tangu leo, dada." Hakuinua kichwa, alikuwa anafuta. "Na sitaacha. Waite wazee tena. Nitawaambia kwangu hakuna tope, hakuna mkaa, mtoto anashinda amekaa kama sanamu. Nitawaapia. Kovu nitasema alizaliwa nalo. Nitaudanganya ukoo mzima mpaka mnirudishie."

Chai ilikuwa imefika kwenye mguu wa kochi. Kabula aliachia ukuta kidogo kidogo. Akasogea, akachuchumaa mbele ya babu yake, akaitazama ile chai, akamtazama bibi. Kisha akachovya kidole kimoja, akavuta mstari.

Yule mama aliuona mstari. Alikwenda mpaka mlango wa chumbani, akasimama ameushika, ametugeuzia mgongo. Alipozungumza alizungumza na mimi, kwa sababu hakuweza kumtazama mdogo wake.

"Wakimaliza kufuta," akasema, "nitamfungia mtoto mzigo wa nguo zake."